Somo: Kuwatazama ndege wa nyumbani na kuwaepusha na vioo vya madirisha

Hapa Bukavu mtu hahitaji kupanda hadi hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega ili awaone ndege. Akiketi barazani alfajiri karibu na mgomba uliotoa ua, atamwona chozi akinyonya utamu wake, mbayuwayu wakizunguka juu ya paa, na mwewe akielea upande wa ziwa. Somo hili nimeliandika baada ya kuokota chozi dume, manyoya yake yangali yanang'aa, chini ya dirisha la sebule ambalo nililisafisha kwa mikono yangu siku iliyotangulia.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Kwa majuma mawili andika katika daftari saa, aina ya ndege na mti anaotua, na kila asubuhi uzunguke nyumba kabla paka na kunguru hawajapita, ukitafuta manyoya chini au alama ya vumbi la mabawa kwenye kioo. Mara nyingi utagundua kwamba dirisha moja au mawili tu ndiyo yanayoua.

Hatua ya pili, simama nje, mahali ndege anapotokea, ulitazame dirisha hilo. Yeye hatambui kioo: anachokiona ni mvokado na anga vilivyoakisiwa humo, au, pale madirisha mawili yanapoelekeana, mwanga wa upande wa pili wa nyumba, naye huurukia kwa kasi yake yote. Tusidhani ni shida ya maghorofa marefu peke yake. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo, na maghorofa marefu yalihusika na chini ya asilimia 1 ya vifo hivyo. Vingine vyote vilitokea kwenye nyumba za kuishi na majengo mafupi, kama haya yetu.

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha somo. Chora alama upande wa nje wa kioo, kwa kuwa alama za ndani hufichwa na taswira ya miti, na nafasi kati ya alama na alama isizidi sentimita 5, yaani kama upana wa vidole vitatu, kwa sababu ndege mdogo hujaribu kupenya penye nafasi kubwa kuliko hiyo. Kipande cha sabuni kinatosha wakati wa kiangazi, lakini mvua za Septemba zikianza zitaifuta, hivyo ni afadhali nukta za rangi ya mafuta. Mimi napendelea chandarua kikuukuu kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, mbali kidogo na kioo, kwani ndege akikigonga hurudishwa bila kuumia. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii.

Hatua ya nne inahusu ndege aliyezimia: mweke ndani ya katoni yenye matundu madogo, mahali penye giza na kimya, bila kumtilia maji mdomoni, kisha baada ya saa moja uifungue katoni nje. Nawa mikono kwa sabuni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, chozi mmoja hugonga dirisha letu kila asubuhi wala hafi. Mama mkwe anasema ni ishara ya msiba. Tufanye nini?* (Mama wa Kadutu)

Mama, mpe mama mkwe pole, hakuna msiba. Huyo ni dume aliye katika majira ya kuzaa, naye anaiona sura yake kama dume mwingine aliyeingia katika eneo lake. Funika kioo kwa nje kwa gazeti siku kadhaa.

*Vyuma vya kuzuia wezi havitoshi?* (Papa wa Ibanda)

Papa, vikiwa ndani havisaidii. Vikiwa nje vinasaidia kwa sehemu, ila pima nafasi zake. Zikizidi vidole vitatu, funga kamba katikati.

*Watoto wanataka kumfuga aliyepona.* (Dada wa Bagira)

Dada yangu, hapana. Ndege wa porini huteseka tunduni, na huenda ana makinda yanayomngoja. Waache watoto wafungue katoni wenyewe, kisha waandike katika daftari ni mti gani ameurukia.