Zima injini kabla mtu hajashuka

Wanaojifunza kurusha ndege ndogo huogopa zaidi kutua, kumbe propela inaweza kuua hata ndege ikiwa imesimama. Ikizunguka kasi, macho huona kama hakuna kitu pale. Mwalimu akitaka kushuka ili uruke peke yako mara ya kwanza, zima injini kwanza, hata kama ana haraka (na wengi wanayo). Akishuka, aelekee mkiani.

Injini iliyozimwa nayo usiiamini. Waya unaoizima magneto (kifaa kinachotoa cheche za kuwasha mafuta ndani ya injini) ukikatika, ufunguo utakuwa umezima lakini cheche bado zipo. Ukiisogeza propela kwa mkono kidogo tu, injini inaweza kushtuka na kuwaka. Kusogeza ndege, tumia fimbo ya kuvutia inayoshikizwa kwenye gurudumu la mbele, kisha uitoe kabla ya kuwasha.