SOMO: Bustani iliyogeuka pori, kuirudisha kwa matuta ya kuinuliwa

Wakuu, swali la "bustani imenishinda, nianzie wapi?" nimeshalijibu hadi nimechoka. Naliweka lote hapa. Tuta la kuinuliwa ni fremu iliyojazwa udongo juu ya ardhi. Atakayeuliza tena ataelekezwa huku.

Hatua ya 1. Fyeka. Usichome moto. Majani ambayo hayajazaa mbegu yaweke kando, yatakuwa matandazo.

Hatua ya 2. Angalia jua linavyopita kutwa nzima. Nyanya na wenzake wanataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 au zaidi. Mboga za majani huvumilia pungufu.

Hatua ya 3. Chora kwenye karatasi. Upana wa tuta usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Likiegemea ukuta, sentimita 60 basi. Njia nazo ziwe sentimita 60, toroli ipite. Tuta refu kupita kiasi utachoka kulizunguka, utaanza kulikanyaga, na udongo uliokanyagwa ndio uliokuwa unaukimbia.

Hatua ya 4. Magugu ya chini. Hii soma mara mbili.

Magugu ya msimu hayana shida: ukiyafyeka kabla hayajatoa mbegu na kuyafunika, yanaoza. Kesi ni sangari na ndago. Sangari hutambaa ardhini kwa mashina yenye vifundo, na kipande chenye kifundo kinaweza kuchipua. Ukiikatakata kwa jembe umeipandikiza bustani nzima. Ndago ina viazi vidogo vilivyoungana chini kama shanga. Ukiivuta unabaki na majani mkononi, viazi vinabaki vinakusubiri. Na ncha yake hutoboa boksi utakalotandika juu yake, hata nailoni hutoboa.

Kwa hiyo lowesha ardhi, zamisha jembe uma, inua bonge, livunje kwa mkono, fuata shina mpaka mwisho wake. Ulichotoa usikitupe kwenye mboji. Kianike juani juu ya sakafu au bati hadi kikauke kabisa. Kisha mwagilia eneo, subiri wiki mbili tatu. Vilivyobaki vitachipua, navyo vichimbe. Rudia mpaka machipukizi yawe ya kuhesabika.

TAHADHARI: usilete udongo wala kufunga fremu kabla ya hapo. Ndago ikishakuwa chini ya udongo mzuri, umeinenepesha, na kuitoa ni kulibomoa tuta lote.

Hatua ya 5. Fremu ya mbao, matofali au mawe, kimo sentimita 20 hadi 30. Mataruma ya reli ya mbao yaache, mengi yalitiwa kreosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza. Ubao ukizidi mita 2, piga kigingi katikati. Udongo uliolowa husukuma.

Hatua ya 6. Tandika maboksi chini, toa tepu, pandanisha kingo, lowesha. Nailoni hapana, maji yatakosa pa kutokea.

Hatua ya 7. Jaza udongo wa juu sehemu mbili kwa mboji iliyoiva sehemu moja. Tuta la mita 2.4 kwa 1.2, kina sentimita 30, linameza karibu mita za ujazo 0.86. Udongo utashuka. Ongeza.

Hatua ya 8. Panda, mwagilia, tandaza.

MASWALI

Bwana Shamba Mdogo: Mkuu, mimi ndago ninayo ila sina muda, si niweke maboksi mengi tu?
JIBU: Rudi hatua ya 4.

Bwana Shamba Mdogo: Nimesoma, nauliza tu.
JIBU: Ungesoma ungekuta neno "hutoboa".

Mama Kitalu: Ahsante kwa somo. Mbona matuta yangu hukauka haraka kuliko bustani ya chini?
JIBU: Swali zuri, dada. Tuta limeinuka, maji hushuka upesi na pembeni hupigwa jua na upepo. Weka matandazo unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mwagilia kwa kina kwa nafasi, badala ya kunyunyiza kidogo kidogo, mizizi ifuate maji chini. Mboji nayo hushika unyevu, iongeze kila msimu.

Jembe Butu: Samadi mbichi inafaa? Nataka kupanda kesho.
JIBU: Kesho? Itaunguza miche. Na kwa mboga za kuliwa mbichi ni hatari ya vimelea. Iozeshe kwanza.

Mama Kitalu: Nikinunua samadi nitajuaje ni salama?
JIBU: Wanyama wakila nyasi zilizopuliziwa baadhi ya dawa za magugu, dawa hupita hadi kwenye samadi na hubaki hata baada ya kuoza. Changanya samadi iliyooza na udongo kwenye kopo, panda maharage. Kopo jingine weka udongo mtupu. Majani ya lile la kwanza yakijikunja na kusokotana, usiitumie.

Fundi Randa: Naongezea: kwenye njia mwageni vipande vya mbao, magugu hupungua na matope huisha.

Jembe Butu: Hivyo vipande naweza kujazia tuta?
JIBU: Juu kama matandazo, sawa. Usivichanganye na udongo. Vijidudu vinavyoviozesha vitachukua naitrojeni, chakula cha mboga kilichomo kwenye udongo, mboga zitageuka njano, halafu uje kuniuliza kwa nini.