Mioyo minne ya sanaa ya pop kwa karatasi, mkasi na ufutio wa penseli

Moyo wa sanaa ya pop, yaani sanaa inayoiga picha za katuni na matangazo, hutambulika kwa mambo matatu: rangi bapa isiyo na kivuli, mstari mweusi mnene unaouzunguka, na nukta zilizopangwa kwa safu. Watengenezaji wengi huziacha nukta hadi mwisho, wakajikuta wanazibana kuzunguka moyo uliokwisha kubandikwa. Hapa nukta zinatangulia.

Picha yenyewe ni miraba minne, umbo lilelile la moyo likirudiwa kwa rangi tofauti. Kurudia huko kunatoka kwenye uchapaji. Andy Warhol, msanii wa pop wa Marekani, alipoanza kutumia skrini ya hariri (kitambaa kinachopitisha wino pale tu panapotakiwa) mwaka 1962, sura moja aliweza kuichapa mara nyingi, akabadilisha rangi tu. Ndiyo maana kiolezo cha moyo kiwe kimoja. Ukichora kila moyo kwa mkono, tofauti ndogondogo zitaonekana mara moja na picha itapoteza ule ubaridi wa kitu kilichotoka mashineni.

Vifaa

Karatasi nne za manila za ukubwa wa A4: nyekundu, njano, bluu na pinki. Moja nyeusi ya ukubwa huohuo. Kadi nyeupe ngumu ya sentimita 31 kwa 31 ya kubandikia. Uzito wa manila uwe gramu 160 hadi 220 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ya gramu 80, hujikunja ikishika gundi. Rangi ya akriliki nyeupe na nyekundu, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kila moja. Penseli yenye ufutio wa duara mkiani, mkasi, rula, sponji au karatasi ya tishu, na gundi ya kijiti.

Kutoka kila karatasi ya rangi kata mraba wa sentimita 14. Kipande kinachobaki upande mrefu kinatosha moyo mmoja. Kisha badilishana: moyo mwekundu unakaa juu ya njano, wa njano juu ya bluu, wa bluu juu ya pinki, wa pinki juu ya nyekundu. Kwa hiyo kila rangi inatumika mara mbili.

Ukitaka kuchagua rangi nyingine, zilaze pamoja uzipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Moyo ukipotelea kwenye mandhari yake, rangi hizo mbili zina mwanga sawa na hazitashindana vizuri. Nyekundu na kijani hudanganya hivyo mara kwa mara.

Kiolezo

Chukua karatasi ya sentimita 12 kwa 12, ikunje katikati. Pima kwenye mkunjo: weka alama sentimita 3 kutoka juu, hapo ndipo mbonyeo wa moyo, na nyingine sentimita 10.5 kutoka juu, hapo ndipo ncha. Kilele cha bega kiwe sentimita 1 kutoka juu na 2.5 kutoka kwenye mkunjo. Sehemu pana zaidi iwe sentimita 5 kutoka kwenye mkunjo, sentimita 4 kutoka juu. Unganisha alama kwa mstari uliopinda, kata, fungua. Utapata moyo wenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 9.5.

Tengeneza kiolezo cha pili kwa kuuzungushia ule wa kwanza mstari ulio milimita 4 nje yake. Hiki ni cha mioyo myeusi, ambayo itakaa chini ya ile ya rangi na kuwa mstari wake wa pembeni. Njia hii hushinda kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu wino husambaa kwenye manila hafifu na mkono huyumba kwenye kona. Mioyo minne myeusi inaenea kwenye A4 moja, ila ilaze ubavu, ncha zikielekea upande mrefu wa karatasi. Ukiisimamisha, miwili haitoshei kwenye upana.

Wakati wa kukata, zungusha karatasi, mkasi ukae palepale. Kwenye mbonyeo usijaribu kupinda kona kwa mkato mmoja: ingia kutoka bega la kulia hadi katikati, toa mkasi, kisha ingia tena kutoka bega la kushoto.

Nukta

Nukta hizi zimetokana na mbinu ya uchapaji wa bei nafuu inayohusishwa na Benjamin Henry Day, Mmarekani, tangu 1879: wino mmoja ukitawanywa kwa nukta juu ya karatasi nyeupe, jicho husoma rangi hafifu zaidi. Roy Lichtenstein, msanii mwingine wa pop, alizikuza hadi zikaonekana wazi, akizipaka kupitia violezo vyenye matundu. Kwetu ufutio wa penseli unatosha. Kipenyo chake ni kama milimita 6 au 7.

Weka nukta kwenye miraba miwili tu inayotazamana kwa pembe: nyeupe juu ya bluu, nyekundu juu ya pinki. Miraba yote minne ikiwa na nukta, jicho halina pa kupumzika. Usitumie nukta zenye rangi ya moyo utakaokaa juu yake. Nukta nyekundu kwenye njano, kwa mfano, kwa mbali zitasomeka kama chungwa, na moyo mwekundu utafifia.

Weka alama ndogo za penseli kwenye kingo za kushoto na kulia: safu ya kwanza milimita 7 kutoka juu, kisha kila baada ya milimita 9, hadi zitimie safu 15. Safu ya kwanza ianze milimita 5 kutoka ukingoni, nukta kila baada ya sentimita 1; ya pili ianze sentimita 1 kutoka ukingoni, ya tatu irudi kama ya kwanza. Rula ikiwa imelazwa chini ya safu, hakuna haja ya kuchora mistari. Mduara wa sentimita 5 katikati ya mraba unaweza kuachwa mtupu, utafunikwa.

Rangi iwe nzito kama maziwa mgando. Ipake kwenye sponji, gusisha ufutio hapo, kisha gonga karatasi wima na uinue wima. Nukta ikitoka kama pete yenye kitovu kitupu, rangi ni nyingi au umekandamiza. Ikitoka na madoa matupu, rangi imepungua. Futa ufutio kila baada ya nukta 20 hivi, la sivyo rangi inayokauka ukingoni itaharibu duara. Nyeupe juu ya bluu karibu kila mara itaonekana ya kijivujivu mwanzoni. Subiri ikauke, rudia palepale.

Kubandika

Acha nukta zikauke kabisa, nusu saa au zaidi. Bandika moyo wa rangi juu ya mweusi, kisha jozi hiyo katikati ya mraba. Nukta zitakatwa na ukingo mweusi, na mkato huo ndio unaofanana na ukurasa wa katuni iliyochapwa. Ukipenda ufanane zaidi na uchapaji, sogeza moyo wa rangi milimita 2 juu kushoto, mstari mweusi uwe mnene chini kulia. Fanya hivyo kwa mioyo yote minne au usifanye kabisa.

Tumia gundi ya kijiti. Gundi nyeupe ya maji hulowesha upande mmoja, nyuzi za karatasi zikavimba na kadi ikapinda kama ganda. Kama ndiyo uliyo nayo, paka safu nyembamba kisha laza kazi chini ya vitabu vizito kwa saa kadhaa.

Kwenye kadi ya sentimita 31, acha sentimita 1 kila ukingo na sentimita 1 kati ya miraba. Hesabu inatimia bila kubaki.

Mwisho, kata vipande vyeupe vya karatasi vyenye umbo la alama ya mkato (,), urefu wa sentimita 2, ubandike kwenye bega la kushoto la kila moyo kama mng'ao. Mwanga wote utoke upande mmoja. Ukitaka neno la katuni, "DU! DU!" kwa herufi nene ndani ya nyota yenye ncha 12 linakaa vizuri pale miraba minne inapokutana, mradi nyota isizidi upana wa sentimita 5.