Kupanda ndege na mtoto mchanga kutoka Mtwara: hatua kwa hatua

Ndege ya Mtwara kwenda Dar es Salaam inakaa hewani kama saa moja. Basi linakula kutwa nzima kwenye zaidi ya kilomita 550 za lami, na mvua ikikata barabara kule Somanga, kama ilivyokuwa mwaka 2024, hujui utalala wapi na mtoto. Ndiyo maana akina mama wengi wa huku, hasa wenye rufaa ya hospitali ya Muhimbili, wanajibana mpaka nauli ya ndege ipatikane. Hivi karibuni nimemwandaa wifi yangu kwa safari hiyo, akiwa na mchanga wa miezi mitano na kaka yake wa miaka mitatu. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Umri na majina, kabla hujatoa hela

Hatua hii isome mara mbili, maana ikiharibika hapa, nyingine zote hazina kazi.

Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili anapakatwa. Hana kiti, lakini tiketi lazima awe nayo, mara nyingi kwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili anakaa kwenye kiti chake na kukilipia. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kuruka, na kila safari inahesabiwa peke yake: ukiondoka mtoto ana miezi 23 na ukarudi ameshatimiza miaka miwili, kurudi anahitaji kiti. Wenye rufaa zingatieni hili, kwa sababu tarehe ya kurudi huipangi wewe, inategemea hospitali. Tena mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja tu. Mama wa mapacha atafute mtu wa kumpakata wa pili, au aliulize shirika mapema kuhusu kumnunulia kiti.

Sasa jina. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa na majina matatu kabla hajatambaa. Kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Zainabu" kwa sababu alizaliwa kabla hajapewa jina, nyumbani anaitwa kwa jina la babu yake, na cheti cha kuzaliwa kina jina jingine kabisa. Wakala aliyemkatia tiketi wifi yangu aliuliza kwa mdomo tu, "Mtoto anaitwa nani?", akaandika la nyumbani. Cheti kilikuwa na jingine. Tulianza kuhangaika asubuhi, mara wakala hapokei simu, mara ofisi inasema arekebishe aliyekata, mpaka alasiri ndipo likanyooka.

Kwa hiyo usimtajie mtu jina la mtoto. Mpe cheti mkononi, au mtumie picha yake kwenye WhatsApp, kisha mwambie akusomee alichoandika herufi kwa herufi. Tarehe ya kuzaliwa vilevile. Halafu hakikisha mtoto ameingizwa kwenye bukingi ile ile ya kwako. Akikatiwa tofauti, mfumo unaweza kumwona kama abiria asiye na mzazi, na kaunta wataanza upya. Mimi, kwa safari yenye mtoto wa kupakata, nashauri uende ofisi ya shirika lenyewe. Wakala wa mtaani anafaa kwa mtu mzima asiye na mzigo.

Kama cheti huna, usikate tamaa. Mikoa yetu ya Mtwara na Lindi imo kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, na cheti kinatolewa bila malipo kwenye vituo vya afya vinavyozalisha na ofisi za kata. Nenda na tangazo la kizazi, yaani karatasi unayopewa mtoto anapozaliwa, na kadi ya kliniki. Kama safari ni ya dharura, piga simu kwanza kwenye shirika uulize kama tangazo la kizazi litatosha, na uandike jina la aliyekujibu.

Jambo la mwisho hapa ni afya. Mashirika mengi hayambebi mtoto ambaye hajatimiza wiki moja, na mengine yanataka wiki mbili. Kwa njiti (aliyezaliwa kabla ya siku zake), au mtoto mwenye shida ya moyo au mapafu, karatasi ya daktari inayosema anaruhusiwa kuruka iwe mkononi, hata kama amekua. Hewa ndani ya ndege hupungua, inaweza kufikia ile ya mlimani penye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtoto mwenye afya haoni tofauti, ila mwenye mapafu dhaifu anaweza kuiona sana. Daktari aliyeandika rufaa ndiye wa kuulizwa, na ni vizuri aulizwe kabla tiketi haijanunuliwa.

Hatua ya 2: Kiti

Njia hii hutumia sana ndege za mapangaboi, na kelele na mtikisiko ni zaidi usawa wa mapanga. Omba kiti cha nyuma. Wa miaka mitatu mweke dirishani upande wa kulia mkienda Dar, aione bahari, na kurudi akae kushoto. Bahari ya Kilwa inatuliza mtoto kuliko simu.

Hatua ya 3: Begi la mkononi

Nepi mara mbili ya unazodhani zinatosha, nguo za kubadilisha za mtoto na blauzi moja ya kwako, uji kwenye chupa yenye mrija, kanga mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo nepi chafu tafutia kopo lenye kifuniko kinachobana. Wewe vaa nguo inayofunguka mbele. Baibui lililoshonwa lote litakutesa wakati wa kunyonyesha.

Korosho za zawadi ziende kwenye mzigo mkubwa. Najua ndizo zinazotutambulisha, na jirani wa kiti atataka kumwonjesha mtoto. Kataa kwa upole. Korosho nzima inaweza kumpalia mtoto mdogo na kuziba njia ya hewa, na huko juu hakuna hospitali.

Hatua ya 4: Uwanjani

Fika saa mbili kabla ya ndege kuruka. Anayetoka Masasi au Newala alale Mtwara mjini. Kwenye ukaguzi, sema mwenyewe kwamba una maziwa na uji wa mtoto kabla hawajauliza.

Hatua ya 5: Mkanda

Mhudumu atakupa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wako na kumzunguka mtoto. Asipokupa, uombe. Usijifunge mkanda wako pamoja na mtoto ndani yake, kwa sababu ndege ikifunga breki kwa ghafla, uzito wako wote utambana yeye. Mbeleko itaombwa ifunguliwe wakati wa kuruka na kutua. Fungua bila kubishana, mkiwa angani utaifunga tena.

Hatua ya 6: Masikio

Vilio vingi vya watoto ndani ya ndege ni vya masikio, na vingi huja wakati wa kushuka. Ndege ikipanda, hewa ya ndani ya sikio hutoka yenyewe. Ikishuka, hewa inatakiwa irudi ndani kupitia kijia chembamba kinachoungana na koo, na kwa mtoto kijia hicho ni kidogo zaidi na kimelala. Kumeza ndiko kunakokifungua.

Basi ziwa liwekee akiba. Wakati wa kupaa mnyonyeshe kidogo tu, katikati mwache alale, kisha mwamshe. Ndiyo, mwamshe, hata kama jirani atakushangaa. Aliyelala humeza mara chache, na maumivu yatamwamsha wakati ziwa limeshachelewa kusaidia. Usisubiri uone mabati ya Dar. Kushuka huanza kama dakika 20 kabla ya kutua: mlio wa injini hupungua, pua ya ndege huinama kidogo, au linatoka tangazo la kufunga mikanda. Hapo hapo mpe, kichwa chake kikiwa juu kidogo. Wa miaka mitatu anywe uji kwa mrija, funda dogo dogo mpaka magurudumu yaguse chini. Pipi ngumu hapana, inapalia. Akikataa yote na kulia, usiaibike mbele ya watu, kulia nako kunafungua masikio.

Pamba masikioni haizuii kitu, na mafuta ya nazi usitie kabisa. Dawa ya kikohozi au ya mafua ya kumlaza usingizi usimpe, hata shangazi akikuapia: inaweza kumlegeza kupumua, na watoto wengine huwapandisha wazimu badala ya kuwalaza. Akiwa na mafua mazito au sikio linauma, apimwe kituo cha afya kabla ya safari, na mhudumu wa afya akisema ahirisha, ahirisha.

Hatua ya 7: Kuteremka

Kaeni mpaka watu wapungue. Mtoto akiendelea kushika sikio mpaka kesho yake, akipata homa au sikio likitoa majimaji, apelekwe hospitali huko huko Dar, na daktari aambiwe kwamba mna ndege ya kurudi, aseme lini mnaweza kuruka tena.