Namna ya Kujadili Mitindo ya Piza kwa Haki na Kuchagua Pa Kula Unaposafiri Kutoka Nairobi

Katika ofisi nyingi za Nairobi mjadala wa piza huzuka siku ya Jumanne, siku ambayo baadhi ya wauzaji wa mjini hutoa piza mbili kwa bei ya moja. Aliyewahi kufika Italia hushikilia kwamba hii tunayokula si piza. Aliyesoma Marekani humjibu kwamba ya Italia haishibishi. Na wa tatu, ambaye ndiyo kwanza anapanga safari yake, huondoka pale bila kujua aende kula wapi. Mwongozo huu ni wa huyo wa tatu, ingawa wale wawili nao wangefaidika nao, kwa kuwa ninaamini kwa dhati kwamba anayejua kubishana kwa haki kuhusu piza ndiye atakayejua kuchagua meza nzuri katika mji asioufahamu.

Anza na moto

Mabishano yetu hupotea njia kwa sababu tunaanza na vitu vya juu: kuku wa tikka, nyama ya kusaga, mahindi, pilipili hoho. Vitu hivyo vyaweza kuwekwa kwenye piza ya aina yoyote, kwa hiyo havitofautishi mtindo mmoja na mwingine. Kabla ya kutoa hukumu, uliza kwanza piza hiyo imeokwa kwa moto wa namna gani na kwa muda gani, kisha uliza kama imewekwa juu ya sakafu ya tanuri au ndani ya trei, unga wake umekandwa na nini, na jibini imekaa chini ya nyanya au juu yake. Ukishapata majibu hayo, sehemu kubwa ya ubishi huwa imekwisha.

Chukua mfano wa Napoli, ambako masharti yameandikwa wazi. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinataka unga uumuke kwa saa zisizopungua 8, utandazwe kwa mikono bila kifimbo cha kusukumia, piza isizidi kipenyo cha sentimita 35, na iokwe kwa sekunde 60 hadi 90 katika tanuri la kuni ambalo joto lake hufikia takriban nyuzi 485 za Selsiasi. Umoja wa Ulaya uliutambua mtindo huo rasmi mwaka 2010, na mwaka 2017 UNESCO ikaiingiza sanaa ya waokaji piza wa Napoli katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Kutokana na masharti hayo utaelewa kwa nini katikati ya piza ya Napoli pana ulaini na majimaji: maji ya nyanya na ya mozarela mbichi, jibini laini ya Kitaliano, hayawezi kukauka kwa dakika moja na nusu, ilhali ukingo, ambao haukufunikwa na kitu, huvimba haraka na kupata madoa meusi. Msafiri anayeirudisha jikoni kwa madai kwamba haijaiva anamtaka mwokaji aharibu kile hasa alichokusudia kukifanya.

Roma iko mwendo wa saa moja na dakika chache kutoka Napoli kwa treni ya kasi, na bado msimamo wake ni tofauti kabisa. Piza ya duara ya Kiroma hutiwa mafuta katika unga wake, husukumwa kwa kifimbo hadi iwe nyembamba sana, na huokwa kwa moto mdogo kuliko wa Napoli na kwa muda mrefu zaidi, ili ikatike kwa sauti inapotafunwa. Mji huo huo una piza ya trei inayokatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito. Palermo, huko Sicilia, kuna sfincione, nene na laini, yenye vitunguu, samaki wadogo wa chumvi na chenga za mkate. Kwa hiyo mtu anapokwambia kwamba amekula "piza ya Kitaliano", muulize ni ya mji gani, kwa sababu bila jibu hilo mjadala hauna pa kusimama.

Marekani nako kuna miji inayopingana. New York, ambako Lombardi's ilianza kuuza piza mwaka 1905, piza ni kubwa, hutumia mozarela iliyopunguzwa maji, na kipande chake hukunjwa na kuliwa mtu akiwa amesimama. New Haven, katika jimbo la Connecticut, Frank Pepe alifungua duka lake mwaka 1925, na hadi leo tanuri za mji huo zinajulikana kwa makaa ya mawe, ukingo uliobabuka na piza nyeupe ya kombe wa baharini isiyo na mchuzi wa nyanya. Detroit huoka katika trei za chuma za mstatili, jibini ikisukumwa hadi ukingoni ili igeuke ganda gumu la kahawia. Mkahawa wa Buddy's ndio unaohusishwa na mtindo huo tangu mwaka 1946.

Chicago ndiyo inayotukanwa zaidi, na nadhani inaonewa. Piza yake ya chombo kirefu, iliyoanza kuuzwa Pizzeria Uno mwaka 1943, hukaa ndani ya tanuri nusu saa au zaidi. Jibini ikiwekwa juu kwa muda wote huo itaungua, ndiyo maana huwekwa chini na nyanya ikamwagwa juu yake. Ukiona nyanya juu, usidhani mpishi amekosea mpangilio. Kuipima piza hiyo kwa kipimo cha Napoli ni sawa na kulilaumu andazi kwa kutokuwa chapati, ingawa vyote viwili ni unga wa ngano. Ilinganishe na piza nyingine ya chombo kirefu: je, unga wa chini umeiva au umebaki mbichi, na je, nyanya ina ladha yake au imezamishwa katika chumvi?

Madai ya asili

Sehemu hii ndiyo inayowakasirisha watu, kwa hiyo ingia ukiwa na tahadhari. Masimulizi yanayojulikana zaidi ni kwamba mwaka 1889 Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita wa Italia piza ya nyanya, mozarela na mrihani, nayo ikapewa jina la malkia. Wanahistoria wametilia shaka baadhi ya maelezo hayo, tena piza zenye viungo kama hivyo zilikuwako Napoli kabla ya mwaka huo. Yasimulie kama masimulizi, usiyatumie kama ushahidi. Vivyo hivyo kwa Chicago: wenyewe hawajakubaliana ni nani hasa aliyebuni piza ya chombo kirefu.

Kuhusu nanasi, ukweli ni mfupi. Piza ya Hawaii haikutoka Hawaii. Sam Panopoulos, mzaliwa wa Ugiriki, aliitengeneza Chatham, Ontario, nchini Kanada, mwaka 1962. Anayependa ale. Mjadala wa nanasi hauwezi kumsaidia mtu kuchagua mkahawa, na ndiyo sababu ningeshauri usipewe nafasi kubwa mezani.

Jipime Nairobi kabla ya kuondoka

Usisubiri ufike ugenini ndipo uanze kujifunza. Tafuta mkahawa wa Nairobi wenye tanuri la kuni, na ipo kadhaa katika maeneo kama Westlands, Gigiri na Karen, kisha uagize margherita tupu, bila nyongeza yoyote. Inua kipande uangalie chini: madoa madogo ya kahawia na meusi yaliyotawanyika yanaonyesha sakafu ya tanuri ilikuwa na moto wa kutosha, ilhali weupe mtupu unaonyesha kwamba piza iliharakishwa au tanuri lilikuwa limepoa. Kula ukingo peke yake. Ukingo mzuri una ladha ya mkate ulioumuka polepole, na humeng'enyeka bila kukuachia uzito tumboni. Muulize mhudumu unga umelala kwa muda gani. Mwokaji makini hulijibu swali hilo kwa furaha.

Kumbuka pia kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa ikiwa ndogo, unga huumuka upesi na kupoteza maji upesi, na mwokaji wa hapa hulazimika kupunguza hamira au kuuweka unga mahali pa baridi ili usiharakishe. Hilo ni jambo la kumheshimu mwokaji wetu kwalo, na ni hoja halali ya kumjibu anayesema kwamba piza nzuri haiwezekani nje ya Italia. Ugumu upo, na wapo wanaoushinda.

Ukishafika ugenini

Kanuni yangu ni moja: kula mtindo ambao tanuri za mji huo zimejengwa kwa ajili yake. Usitafute piza nene ya trei Napoli wala piza laini ya Napoli Chicago, hata kama zipo na zimetangazwa kwa mabango makubwa. Menyu yenye aina chache humaanisha jiko lenye uzoefu. Menyu yenye picha za rangi na lugha sita, karibu na sanamu maarufu au kituo kikuu cha treni, ni ya kupita.

Napoli, barabara ya Via dei Tribunali ina waokaji wengi walio karibu karibu, kwa hiyo foleni ikiwa ndefu mahali pamoja, jaribu pengine. L'Antica Pizzeria da Michele, iliyoanza mwaka 1870, inajulikana kwa kushikilia margherita na marinara. Unachukua namba mlangoni, na ukifika kabla ya saa ya chakula utasubiri muda mfupi kuliko wengine. Mimi humshauri kila mgeni aanze na marinara, ambayo ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni, bila jibini, kwa kuwa hakuna kitu cha kuficha unga mbaya. Kila mtu huagiza piza yake, huletwa ikiwa nzima, na huliwa kwa kisu na uma. Mkenya aliyezoea kuagiza moja kubwa ya watu wanne ajiandae kwa hilo.

Roma, panga siku yako kwa kufuata saa. Piza ya mkasi ni ya mchana: onyesha kwa mkono ukubwa unaoutaka, kwani bei huenda na uzito, na anza na kipande kidogo ili uweze kuonja aina mbili au tatu. Pizzarium ya Gabriele Bonci, si mbali na Vatikani, imejenga sifa yake kwa unga wa namna hiyo. Piza ya duara ni ya jioni. Da Remo, katika mtaa wa Testaccio, ni mahali pazuri pa kuielewa.

Bili ya Italia huweza kuwa na malipo madogo ya kila mtu kwa kukalia meza. Ni desturi, na huandikwa kwenye menyu, kwa hiyo isome kabla ya kulalamika. Marekani bei ya menyu kwa kawaida haijajumuisha kodi ya mauzo, na ukihudumiwa mezani hutarajiwa kuongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, jambo linaloweza kuivuruga bajeti ya mtu aliyehesabu kwa shilingi. New York utaliepuka hilo ukila kipande ukiwa umesimama, kwa mfano Joe's, katika mtaa wa Carmine. Chicago agiza mapema, hata kabla ya kuketi wakikuruhusu, kwa sababu hakuna namna ya kuiharakisha piza inayokaa nusu saa motoni.

Kwa msafiri Mwislamu, tahadhari inahitajika zaidi ya hapa nyumbani, ambako migahawa mingi hufuata utaratibu wa halali. Peperoni ya Marekani kwa kawaida ina nyama ya nguruwe, soseji kavu za Italia vivyo hivyo, na piza ya kukaanga ya Napoli mara nyingi hujazwa vipande vya mafuta ya nguruwe ambavyo huwezi kuviona kabla ya kuuma. Uliza kwa maneno mafupi na wazi, au shikilia marinara.

Safari za karibu

Si lazima kuvuka bahari. Malindi, yapata kilomita 120 kaskazini mwa Mombasa, ina jamii ya Waitalia ya miaka mingi, na tangu miaka ya 1960 eneo hilo lina kituo cha anga cha San Marco kilichojengwa na Italia. Panda treni hadi Mombasa, kisha gari, na ukifika uliza Waitalia wanaoishi pale hula wapi jioni wasipokuwa na wageni.

Na Zanzibar je? Piza ya Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe inayouza vyakula jioni, imewasumbua wengi katika mijadala, kwani haina tanuri, haina mchuzi wa nyanya, na hukunjwa. Donge hunyooshwa kwa mikono yenye mafuta hadi liwe jembamba sana, likawekwa nyama ya kusaga, vitunguu, hoho, jibini, mayonezi na yai, kisha likakunjwa mraba na kukaangwa juu ya chuma bapa. Msimamo wangu ni kwamba ndugu yake wa karibu ni mkate wa nyama wa Waswahili, ule ambao watu wa Mombasa wanaujua vyema, na ni huo unaopaswa kuwa kipimo chake: ngozi iwe nyembamba na kavu kwa nje, yai liive, nyama isitoe maji. Fika baada ya magharibi, pita meza kadhaa kabla ya kuagiza, na uchague ile ambayo nyama yake imefunikwa na chuma chake kina moto. Sema mapema kama unataka mayonezi kidogo, na patana bei kabla yai halijavunjwa.