Kabla mvua haijafika kwenye chemba: mambo ya kuzingatia kwa wenye majengo ya zamani Uganda

Februari Kampala ni mkavu. Vumbi jekundu limetanda hadi juu ya vifuniko vya chemba, yale mashimo ya kukagulia mabomba ya majitaka, na hakuna mpangaji anayelalamikia choo. Huo ndio mwezi wa kushughulikia mabomba ya majitaka, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei zikishaanza, ardhi inalowa, maji ya chini yanapanda, na kila ufa uliokuwa ukivujisha kwa siri unaanza kunyonya maji kutoka udongoni. Ukisimamia jengo moja unaweza kusubiri lizibe ndipo umwite fundi. Ukisimamia majengo sita au kumi, ya kupangisha na ya biashara, kusubiri kutakutia hasara, na wapangaji wako watapata maradhi.

Anza na ramani. Majengo mengi ya zamani ya katikati ya Kampala, Jinja na Mbale yalijengwa kabla ya 1972. Mwaka huo Idi Amin alipowafukuza Waasia, majengo yao yalichukuliwa yakagawiwa watu, mengine yakaja kurudishwa kwa wenyewe chini ya sheria ya 1982, na mengi yakauzwa tena baada ya hapo. Katika kupita mkono hadi mkono, hati ya kiwanja ilitunzwa maana benki inaitaka. Mchoro wa mabomba haukutunzwa na mtu. Kwa hiyo usitegemee kuupata. Utauchora mwenyewe, ukitembea na fundi, chaki na karatasi, kutoka choo cha juu kabisa hadi pale bomba lako linapoungana na la NWSC, shirika la taifa la maji na majitaka, au linapoingia kwenye tangi la septiki, linalopokea majitaka ya jengo chini ya ardhi. Kila kona inapaswa kuwa na chemba. Usipoiona, imefukiwa au imejengewa juu.

Jinja tulikuwa na ghorofa la namna hiyo, maduka chini na vyumba vya kupanga juu. Kwa miaka mitatu niliidhinisha malipo ya kuzibua, kila baada ya miezi michache, mahali palepale. Kila fundi alilipwa, na kila mmoja alisema kweli kwamba maji yanakwenda. Hakuna aliyeniambia kwa nini yanarudi, na mimi sikuuliza. Siku tuliyoamua kufuata bomba lote, mzee mmoja fundi alipiga magoti ndani ya duka la nafaka, akawa anagonga vigae kwa mpini wa nyundo, kimoja baada ya kingine. Chini ya rafu ya unga sauti ikabadilika. "Mkubwa, hapa pana uwazi," akasema. Tulipobandua vigae tukakuta kifuniko cha chuma, na chini yake bomba la udongo wa kuchoma, lina rangi ya kahawia inayong'aa kama mtungi. Penye kiungo ilining'inia mizizi myembamba, imefumana kama nywele zisizochanwa, imekamata nyuzi za nguo na karatasi. Ilitoka kwenye parachichi la jirani, ng'ambo ya ukuta. Fito za kuzibulia zilikuwa zikitoboa tundu katikati ya mizizi, maji yanapita, mizizi inakua tena.

Tangu hapo nina daftari moja kwa majengo yote. Kila kuziba kunaandikwa: tarehe, jengo, chemba ipi, kilichotolewa ni nini. Sehemu ikiziba mara mbili ndani ya mwaka mmoja, hiyo si ajali tena na inastahili kufunguliwa au kupitishwa kamera.

Andika pia bomba limetengenezwa kwa nini, maana kila aina ina namna yake ya kufa. La udongo wa kuchoma haliozi, ila ni fupifupi, viungo vyake vingi vilifungwa kwa saruji, na saruji hupasuka ardhi ikicheza. La zege huliwa kutoka juu: majitaka yaliyotuama hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, gesi hiyo hugeuka asidi kwenye dari lenye unyevu, na bomba linalainika upande usioguswa na maji hadi linaporomoka. La chuma hujaa kutu ndani na kusinyaa. La asbesto hupoteza nguvu polepole, na hilo usikubali fundi alikate kwa grenda likiwa kavu, kwa sababu vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Plastiki ndiyo mpya, lakini nimeona plastiki ya miaka mitano iliyolazwa juu ya mawe bila mchanga ikawa imebonyea kama chupa ya maji.

Jaribio la rangi ni rahisi na ningependa kila msimamizi alifanye kabla ya Machi. Mwaga rangi ya chakula na ndoo mbili za maji kwenye choo cha juu, weka mtu mwenye simu kwenye kila chemba, mpime muda. Rangi isipotokea inakotakiwa, kuna uvujaji au njia usiyoijua. Ikitokea kwenye mtaro wa barabarani, una tatizo zito zaidi: mitaro mingi ya katikati ya Kampala humwaga kwenye mfereji wa Nakivubo, Nakivubo huingia bwawani na kutoka hapo hadi ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, ghuba ileile inayochotwa maji ya bomba ya jiji kule Ggaba. Na ukikuta bomba limeziba, tafuta chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo tupu. Kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Usilipie kuchimba kwingine.

Mvua ya kwanza ikinyesha, fungua chemba uangalie tena. Kina kikipanda ghafla, basi kuna mtu ameunganisha mabati ya paa au mfereji wa uani kwenye bomba la majitaka. Likate unganisho hilo. Bomba la choo halikupimwa kwa mvua za Kampala.

Halafu tazama matumizi yaliyobadilika, na hapa ndipo majengo yetu yanapoumia kuliko uzee wenyewe. Nyumba ya familia moja kule Wandegeya, Kampala, imegeuzwa hosteli ya vyumba ishirini, bomba ni lilelile la inchi nne. Duka la vitambaa limekuwa jiko la chipsi na nyama ya kukaanga, mafuta yanamwagwa moto yanapita vizuri, yanapoa mbele na kuganda kama sabuni. Uani pamefunguliwa pa kuoshea magari, mchanga wote unaingia kwenye chemba. Mpangaji wa namna hiyo awekewe sharti ndani ya mkataba kabla hajapewa ufunguo: mtego wa mafuta kwa jiko, shimo la kutuliza mchanga kwa uoshaji, na nani atavisafisha kila wiki. Wapangaji wa vyumbani nao wapewe kapu lenye kifuniko la pedi na nepi kila chooni. Kuwakaripia bila kuwapa pa kutupia hakujawahi kusaidia jengo lolote ninalolijua.

Majengo mengi hayajafikiwa na mtandao wa majitaka, yana septiki. Tope likifika theluthi ya tangi, litolewe. Usingoje lijae, maana tope hutoroka na kuziba shimo la kunyonyea maji yake ardhini, na kulifufua shimo hilo ni kazi ngumu. Mabondeni, kama Bwaise ya Kampala, maji ya ardhini yako karibu. Tangi la plastiki likinyonywa hadi likawa tupu wakati wa mvua linaweza kusukumwa juu na kung'oa mabomba yake. Linyonywe kabla ya Machi, na uhakikishe gari la kunyonya linaweza kuingia. Nimewahi kuona geti zuri jipya lililojengwa jembamba kuliko gari hilo.

Sasa jambo nisilotaka mtu alisome harakaharaka. Usimruhusu mtu kuingia ndani ya chemba yenye kina au tangi. Gesi ileile inayokula zege inanuka kama mayai mabovu ikiwa kidogo, na ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani imekwisha. Anaanguka bila kupiga kelele. Anayeingia kumwokoa anaanguka juu yake. Kazi ifanyike kutoka juu, kwa fito na mashine. Ikilazimu kuingia, iwe ni kampuni yenye kipima gesi, feni, mkanda wa kumvutia mtu na watu wa kubaki nje. Kijana wa kibarua aliyekubali kushuka kwa sababu anahitaji pesa ya siku hiyo hajakubali kufa, na aliyemtuma ni wewe. Vilevile piga marufuku asidi ya kuzibulia. Inakula saruji, na inabaki imetuama ikimsubiri fundi wa kesho.

Ukishakusanya haya, panga foleni. Usianze na bomba kuukuu kuliko yote. Anza pale ambapo kupasuka kutadhuru zaidi: penye zahanati au duka la chakula chini, penye kisima au chemchemi mteremkoni, penye ukuta wa zamani ambao udongo wa msingi wake unaweza kusombwa. Ghala tupu lenye bomba bovu linaweza kusubiri msimu mmoja.

Kuhusu matengenezo, sikiliza kamera kwanza. Bomba lenye nyufa lakini bado la duara linaweza kuvalishwa ndani soksi yenye resini, gundi inayokauka ikawa ngumu, bila kubomoa sakafu. Lililoporomoka au lililopoteza mteremko haliponi kwa soksi, lichimbwe. Na maji ya presha kwenye bomba la udongo lililopasuka yaanze kwa nguvu ndogo.

Pesa itengwe kabla. Katika majengo yenye wenye fleti wengi chini ya sheria ya kondominiamu ya 2001, mabomba ya pamoja ni mali ya wote, basi mchango wake uandikwe peke yake usimezwe na rangi ya ukuta. Hajati mmoja mwenye majengo matatu aliniambia, "Mwanangu, watu hawapangi kwa sababu ya bomba." Nilimpeleka nyuma ya jengo lake la Jinja nikamwonyesha mizizi tuliyoitoa, imejaza gunia zima la unga. Alitazama kimya, kisha akauliza la Mbale lina chemba ngapi. Tulizihesabu mwezi uliofuata: kumi na moja, mbili zikiwa chini ya vigae. Agosti tutazifungua zote tena, kabla mvua za Septemba hazijaanza.