Kahawa ya jioni inavyokunyima usingizi
Kama unakunywa kahawa kijiweni Moshi saa moja jioni, vikombe vitatu na kashata, halafu saa saba usiku bado unahesabu mabati, sababu ni hii. Seli nyingi za neva kwenye ubongo hazigusani. Kati yake kuna upenyo mdogo mno, nanomita 20 hadi 40 hivi. Ujumbe wa umeme ukifika mwisho wa seli, hutolewa kemikali inayovuka na kunasa kwenye vipokezi vya seli ya pili, yaani sehemu zake za kupokea ujumbe.

Adenosini, kemikali ya mwili inayoleta usingizi, nayo ina vipokezi vyake. Hujikusanya kadiri unavyokaa macho, na ikinasa inapunguza kasi ya seli. Unaanza kupiga miayo. Kafeini, kemikali iliyomo kwenye kahawa, imefanana nayo umbo, basi inawahi kiti na kukaa tu, kazi haifanyi. Adenosini haijaondoka, imekosa pa kukaa. Ndiyo maana kahawa ikiisha nguvu, uchovu unakuja kwa kishindo.

Nusu ya kafeini huchukua kama saa 5 kutoka mwilini, na kwa mjamzito huchelewa zaidi. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ila kidogo. Jioni agiza maji ya tangawizi. Kashata endelea nayo.